Masafa Baina ya Kariakoo na Unguja

Baina ya Dar es Salaam na mji wa Unguja pana kilomita 70 na ushei za bahari. Masafa hayo hayajabadilika tangu Mzizima ilipokuwa kijiji cha wavuvi. Kilichobadilika ni kipimo chake, na mkono ulioshika kipimo hicho.

Enzi za matanga, kipimo kilikuwa upepo. Unguja iko upande wa kaskazini. Basi kusi ilimpeleka msafiri kisiwani, na kaskazi ikamrejesha. Mwenye kutaka kwenda kinyume cha upepo alibisha kwa taabu, ama alingoja. Njia ilikuwa moja, lakini urefu wake ulikwenda na mwezi wa safari.

Katika miaka ya 1860, Seyyid Majid bin Said alianza kujenga mji wake karibu na Mzizima, na Boma la Kale linaloelekea bandarini ni masalio ya zama hizo. Alipofariki mwaka 1870, nduguye Seyyid Barghash hakuiendeleza kazi ile. Pepo zilivuma kama kawaida yake, ila moyo wa mtawala ulikuwa umegeuka, na mji ukawa mbali na kisiwa kilichouzaa. Mwaka 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya Dar es Salaam makao makuu ya koloni lao. Juu ya maji yale yale ukapita mpaka wa dola mbili.

Vita Kuu ya Kwanza iliwaleta Waingereza Dar es Salaam mwaka 1916, na pamoja nao kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Ndimi za wenyeji zikalilainisha jina hilo likawa Kariakoo. Kumbe mtaa huu ulibatizwa kwa watu ambao safari kwao ilipimwa begani. Humo humo Kariakoo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Na tarehe 22 Aprili 1964 kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa Unguja akitia saini Hati za Muungano pamoja na Sheikh Abeid Amani Karume.

Leo ndege huvuka kwa dakika 20 hivi. Lakini mfanyabiashara wa Unguja aliyekuja Kariakoo kununua vitenge hahesabu dakika hizo peke yake. Uwanja wa ndege uko kama kilomita 10 kutoka sokoni, na msongamano wa magari waweza kumla muda mrefu kuliko anga. Tena ndege ndogo hazibebi marobota yake. Hivyo huita hamali na mkokoteni, akashuka bandarini kupanda boti ya takriban saa mbili. Bega la mpagazi bado limo katika hesabu.

Na upepo nao haujastaafu. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe, na roho nyingi zikapotea. Kwa jamaa waliokuwa wakingoja gatini Malindi, safari ile ya saa chache haijafika hadi leo. Ratiba hutaja saa ya kuondoka na saa ya kufika. Usalama wa abiria na uzima wa chombo ndio masafa yanayobaki kupimwa kila siku.