Nyumba za wavuvi: juu ya nini tunajenga karibu na maji

Wandugu wanachama, na ninyi wafadhili wetu,

Mara nyingi watu wanatuuliza: juu ya nini wavuvi wanajenga karibu sana na ziwa Tanganyika, na kila mara maji yanawabomolea? Jibu linatoka mbali.

Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea maji: mto Lukuga, kule Kalemie. Mwaka 1878 mlango huo, uliokuwa umezibwa na mchanga na majani, ulifunguka. Miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10, likaacha nchi kavu. Mvua kubwa za 1961 mpaka 1964 zikalipandisha tena, kisha likarudi nyuma.

Wazee walijua tabia hiyo. Kambi ya wavuvi ilikuwa ya miti, udongo na nyasi. Ndagala wanavuliwa usiku kwa taa, wakati mwezi hauko. Mwezi ukiwaka, mvuvi anapanda kwake kupumzika. Maji yakipanda, kambi inahama.

Vita ya 1996 ilivunja mpango huo. Wengi wetu tulivuka mpaka Kigoma, tukaishi Lugufu na Nyarugusu. Tulipoanza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka, mwezi wa 10 mwaka 2005, kuna wenye walikuta parseli zao za juu zina watu wengine. Fasi iliyobaki ni pwani. Tena mwenye hana shamba anakula kwa mtumbwi, na mwenye mtumbwi anataka kulala karibu na nyavu zake, zisiibiwe. Basi kambi ikawa mtaa: nyumba zimebanana, maji ya kunywa yanachotwa ziwani, na choo hakichimbiki, ukichimba kidogo tu unakuta maji. Ndiyo maana kolera haituachi.

Mwaka 2020, 2021 na tena 2024, ziwa liliingia ndani ya nyumba za watu Uvira, Baraka na Kalemie. Mabati mliyotusaidia, mengine yalienda na maji.

Kwa hiyo tunasema wazi: mabati peke yake hayatoshi. Kwanza parseli, kupita pale maji yalifika 2024. Alama bado zinaonekana ku kuta. Halafu, pwani, depo moja ya nyavu na mashine, yenye mlinzi wa zamu. Nyavu zikiwa salama, mvuvi atakubali kulala juu na watoto wake.