Bunduki 5 za Muvi ya Dirty Harry na Venye Utazitambua

Kama wewe ni mtu wa muvi za makarao na majambazi, Dirty Harry lazima umeiskia. Ilitoka Disemba 1971, ikaongozwa na Don Siegel. Clint Eastwood ndiye Inspekta Harry Callahan wa San Francisco, naye Andy Robinson ni Scorpio, muuaji anayedungua watu akiwa juu ya maghorofa na kuitisha pesa ndio aache. Stori ya Scorpio ilichotwa kwa Zodiac, muuaji wa ukweli aliyetesa watu wa eneo hilo mwisho wa miaka ya 60.

Mtaani bastola yoyote tunaita mguu wa kuku na tunamaliza hapo. Lakini kwa hii muvi kila chuma ina kazi yake, na moja kati ya hizi ndiyo inageuza stori yote. Cheki.

1. Smith & Wesson Model 29

Hii ndiyo ya Harry mwenyewe. Ni revolva, yaani ile bastola ya silinda inayozunguka, na inabeba risasi 6. Utaijua na mtutu wake mrefu wa inchi 6.5 na mwili mzito, karibu kilo 1.3. Inakula risasi ya .44 Magnum, ambayo ilitoka 1955. Wakati huo karao wengi wa Marekani walikuwa wanabeba .38, kwa hivyo Harry akichomoa hii dude unajua tu huyu buda hafuati ya wenzake.

Harry anajigamba ati hakuna bastola inaishinda nguvu duniani. Leo hiyo imepitwa, maana Smith & Wesson wenyewe walileta Model 500 mwaka 2003. Na usidhani .44 ni ya kuchezea. Teke lake ni noma, hadi kwa Magnum Force ya 1973 Harry anaambia makarao wachanga kwamba yeye hutumia risasi nyepesi ndio aweze kuituliza.

Ile scene ya benki sasa. Harry anamsimamia mwizi aliyelala kando ya shotgani yake na kumwambia ajiulize kama zimetoka risasi 6 ama 5. Mwizi anaogopa, anaachana na shotgani. Harry anavuta tu ndio amwonyeshe: kumbe silinda ni tupu. Weka hiyo akilini, tutairudia.

2. Winchester Model 70

Scorpio akitegwa usiku, Harry anapanda juu ya jengo na bunduki ya mbao, ile ya kuvuta komeo kila ukipiga risasi moja. Ni Model 70 ya .458 Magnum. Hii risasi ilitoka 1956, na haikutengenezewa watu. Ilitengenezewa ndovu na nyati, na Winchester waliita bunduki yenyewe African. Hapa kwetu wawindaji walikuwa wanaijua poa kabla uwindaji upigwe marufuku Kenya mwaka 1977. Sasa fikiria mtu ameibeba katikati ya jiji. Na bado Scorpio anahepa.

3. MP40

Anahepaje? Kwa sababu usiku huo ana MP40, bunduki ya Wajerumani ya Vita vya Pili vya Dunia. Itambue na magazini ndefu inayoning'inia chini, risasi 32 za milimita 9, na kitako cha chuma kinachokunjwa. Ukishika kifyatulio inatema bila kupumzika. Harry anapiga moja anavuta komeo, mwenzake anamwaga tu. Baadaye ni hiyo hiyo inamwangusha Chico, partna wa Harry, pale kwenye msalaba mkubwa wa Mount Davidson. Chico anapona, lakini kazi ya ukarao anaiacha.

4. Arisaka Type 99

Hapa tulia, ndio roho ya muvi. Bunduki ya kudungua ya Scorpio ni Arisaka ya Wajapani, ya vita hivyo hivyo, iliyogeuzwa ikule risasi ya .30-06. Inatenganishwa vipande viwili, ina darubini na kizuia sauti.

Mtutu wa bunduki kama hii una mifereji ndani inayozungusha risasi, na mifereji hiyo huacha mikwaruzo kwenye risasi. Wataalamu wakilinganisha, wanaweza kusema imetoka kwa bunduki gani. Kwa hivyo Harry akishaipata, kesi si imeisha?

Zii. Aliipata baada ya kuvunja mlango wa chumba cha Scorpio pale Kezar Stadium bila kibali cha korti. Kisha akampiga risasi ya mguu na kukanyaga kidonda ndio aseme msichana aliyemteka yuko wapi. Msichana alikuwa ameshakufa. Kiongozi wa mashtaka anamwambia wazi kwamba hata risasi zikilingana, korti haitaiangalia hiyo bunduki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua tangu 1961, kwa kesi ya Mapp, kwamba ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu hautumiki. Scorpio anatoka akitembea.

5. Walther P38

Scorpio akiwa nje, anamvamia mwenye duka la pombe na kumnyang'anya bastola. Ni P38, ya Wajerumani pia. Utaijua kwa sababu mtutu unachungulia mbele ya mwili wa bastola. Magazini yake ni risasi 8. Na hiyo ndiyo anateka nayo basi la watoto wa shule.

Mwisho Harry anamfikia kwenye machimbo ya mawe na kumwuliza swali lile lile la mwizi wa benki. Scorpio anaamua kujaribu bahati, anainyakua P38. Safari hii silinda haikuwa tupu. Harry anatupa beji yake majini.

Ukiirudia wikendi hii, usikazie macho ile Magnum peke yake. Angalia ile Arisaka. Ingeshikwa kwa njia ya sheria, lile basi halingetekwa.