Pete Isiyo na Ubao

Goli la netiboli na goli la mpira wa kikapu yana urefu mmoja: mita 3.05 kutoka ardhini hadi kwenye pete. Tofauti inaonekana nyuma ya pete. Mchezaji wa kikapu ana ubao. Akikosea kidogo, mpira unagonga pale na huenda ukaingia. Msichana wa netiboli hana kitu. Mbele yake kuna bomba la chuma na pete, na nyuma ya pete ni hewa tupu, au ukuta wa darasa la tano ulio mbali. Mpira uingie wenyewe, la sivyo unaangukia mikononi mwa beki. Ndiyo maana wafungaji wazuri wa shuleni huupandisha juu sana, ushuke kama ndoo inavyoshuka kisimani.

Kukosekana kwa ubao ule kuna historia yake, na historia hiyo inaeleza mambo mengi ya mchezo huu ambayo waalimu wa michezo huyafundisha bila kuulizwa kwa nini.

Turudi Desemba 1891, mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, Marekani. Mwalimu James Naismith wa chuo cha YMCA amekabidhiwa darasa la vijana 18 waliochoshwa na mazoezi ya viungo ya ndani ya ukumbi, nje kukiwa na theluji. Akaandika kanuni 13 za mchezo mpya, akamwomba mtunza jengo amtafutie maboksi mawili. Maboksi hayakuwepo; vikapatikana vikapu vya matunda. Vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, na ukingo ule ulikuwa na urefu wa futi kumi. Mita 3.05 za leo zilianzia hapo. Hakuna daktari wala mhandisi aliyezipigia hesabu. Baadaye watazamaji waliokaa roshani wakawa wananyoosha mikono, wanaupokea mpira wa wapinzani au kuusukuma ule wa timu yao uingie. Ubao ukawekwa kuwazuia. Kwa maneno mengine, ule ubao ambao leo wachezaji wa kulipwa wanautegemea ulianza kama ukuta wa kuzuia washabiki wakorofi.

Miezi michache tu baadaye habari za mchezo huo zikamfikia Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha wanawake cha Smith, katika jimbo hilo hilo. Berenson alizaliwa Lithuania mwaka 1868, akahamia Marekani akiwa mtoto, akasomea piano hadi afya yake dhaifu ikamkatisha. Alijiunga na chuo cha mazoezi ya viungo mjini Boston ili apate nguvu, akatoka mwalimu. Machi 22, 1893 aliwapambanisha wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza na wa mwaka wa pili. Wanaume hawakuruhusiwa kuingia ukumbini. Mpira wa kwanza uliporushwa juu, nahodha mmoja aliteguka bega, mechi ikasimama kwa muda, kisha ikaendelea.

Alichofanya Berenson ndicho kinachotuhusu. Alikuwa amewekwa kati ya mawe mawili. Upande mmoja, wasichana wake waliupenda mchezo kupita kiasi. Upande wa pili, madaktari na wazazi wa enzi ile waliamini kwamba mwanamke akikimbia sana neva zake zitachoka, na kwamba kusukumana na kunyang'anyana si adabu ya binti wa watu. Basi akaukata mchezo ukubalike. Aligawanya uwanja sehemu tatu, kila mchezaji abaki katika sehemu yake. Akakataza kumpokonya mwenzako mpira mkononi. Akaweka ukomo wa sekunde tatu za kuushika. Akapunguza kudunda, mwisho mara tatu.

Huko New Orleans, mwalimu mwingine, Clara Baer, naye alitoa kanuni zake mwaka 1895. Husimuliwa kwamba Naismith alimpelekea mchoro wa uwanja wenye mistari ya nukta kuonyesha maeneo ambamo wachezaji hufanya kazi vizuri zaidi, naye Baer akaielewa mistari ile kuwa mipaka isiyovukwa. Kama ni kweli, wasichana wengi wamepigiwa filimbi kwa kosa la kusoma ramani.

Hadi hapo bado tunazungumzia mpira wa kikapu. Netiboli ilizaliwa upande wa pili wa Atlantiki, katika chuo cha mwanamama wa Kiswidi, Martina Bergman-Österberg. Mama huyu alifika London mwaka 1881 kusimamia mazoezi ya wasichana katika shule za jiji, akafungua chuo chake Hampstead mwaka 1885, kisha akakihamishia Dartford, katika jimbo la Kent, mwaka 1895. Kazi ya chuo ilikuwa moja: kutoa waalimu wanawake wa mazoezi. Wageni kutoka Marekani ndio waliowaletea wanafunzi wake mchezo wa vikapu, ukachezwa kwanza ndani, vikapu vya takataka vikitundikwa ukutani. Kisha ukatolewa nje, kwenye majani.

Kwenye majani mpira haudundi ipasavyo. Kudunda kukakosa maana, na kubaki na mpira huku unakimbia kukaondolewa kabisa. Kilichobaki ni kupasiana. Roshani haikuwepo, washabiki wa kunyoosha mikono hawakuwepo, kwa hiyo haja ya ubao haikutokea. Mwaka 1897 mgeni mwingine wa Kimarekani, Miss Porter, aliwaonyesha pete badala ya vikapu, na ule mgawanyo wa uwanja katika theluthi tatu ukashika mizizi. Mwaka 1901 chama cha waalimu waliohitimu kwa Bergman-Österberg, Ling Association, kikachapisha kanuni za kwanza, nakala 250.

Chuo hicho hicho kilitoa kitu kingine ambacho msomaji wa Nairobi atakitambua mara moja. Mwanafunzi wake, Mary Tait, ndiye anayetajwa kuwa alibuni lile gauni lisilo na mikono, lenye marinda, linalovaliwa juu ya blauzi. Lilibuniwa ili msichana aweze kuruka na kuinama bila kubanwa na koseti. Lilianza kama vazi la kuchezea, na leo limekuwa sare ambayo watoto wa Kenya wanakatazwa kuichafua kwa kucheza.

Sasa zisome kanuni za netiboli ukiwa na picha hiyo kichwani. Wachezaji saba, kila mmoja na herufi zake kifuani na mgongoni, kila mmoja na eneo lake. Anayemkaba mwenye mpira asimame kwa umbali uliowekwa, asimguse. Sekunde tatu, mpira uwe umeondoka mkononi. Ukishaupokea, mguu uliotua kwanza ukiuinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla hujatoa pasi. Wanaofunga ni wawili tu, GS na GA, tena wakiwa ndani ya mduara. Karibu kila marufuku hapa ni hofu ya mtu fulani wa karne ya 19: hofu ya kugusana, ya jasho, ya msichana kukimbia kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine. Hofu imekufa zamani, kanuni imebaki.

Na kanuni ilizaa kitu ambacho waliokuwa na hofu hawakukitarajia. Ukimnyima mchezaji haki ya kukimbia na mpira, unamlazimisha kila mtu asiye na mpira akimbie. Mchezo ukawa wa kasi kuliko wengi wanavyodhani, na wa akili: sentaa anayepokea pasi hana nafasi ya kufikiri, lazima awe amekwisha kuona. Nimewasikia wanaume wakiuita mchezo laini. Wengi wao hawajawahi kumkaba mtu kwa umbali wa hatua moja, mikono juu, bila kumgusa, huku mwamuzi akiwaangalia miguu.

Waalimu wa Dartford na vyuo vilivyofuata mfano wake walisambaa duniani pamoja na himaya ya Uingereza, na mchezo ukasafiri nao, shule hadi shule. Katika Afrika Mashariki uliingia kwa mlango wa shule za wasichana, nyingi zikiwa za misheni. Gayaza, Uganda, ilianzishwa mwaka 1905. Shule ya wasichana ya Alliance, Kenya, mwaka 1948. Shule hizo zilichukua wasichana wachache, na waliotoka humo wengi walikwenda kuwa waalimu wa wengine. Kufikia uhuru, mgawanyo ulikuwa umezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeuona kuwa ni mgawanyo: kengele ya michezo ikilia, wavulana wanaelekea uwanja mkubwa wenye magoli ya miti, wasichana wanaelekea kwenye kile kipande kidogo karibu na madarasa.

Udogo wa kipande hicho ndio uliouokoa mchezo. Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Shule ambayo haina eneo la kutosha soka haikosi eneo hilo. Mistari huchorwa kwa chokaa, au kwa majivu ya jikoni, na jioni upepo na kuku vinaifuta. Nguzo ni bomba lililosimikwa kwenye tairi lililojazwa zege. Pete anaikunja fundi wa kuchomelea kwa nondo aliyonayo. Kanuni inataka chuma cha unene wa milimita 15 na pete ya kipenyo cha milimita 380, naye fundi anachukua kipimo kwa kupitisha mpira wenyewe. Ukipita bila kukwama, kazi imekwisha. Na kwa kuwa hakuna ubao wa kununua, hakuna cha kuoza wala kuibwa. Mchanga wa viwanja vyetu, ambao ungemtesa mchezaji wa kikapu anayetaka kudunda, kwa mchezo huu si tatizo hata kidogo.

Tena wasichana hawakuja mikono mitupu. Kabla hajavaa herufi yoyote, mtoto wa mtaani Tanzania ameshacheza rede. Wawili wanasimama ncha mbili na mpira wa soksi kuukuu uliojazwa matambara na kukazwa kwa kamba. Katikati yuko mmoja mwenye chupa, anajaza mchanga huku akikwepa. Mpira unakuja kutoka mbele, anaupisha, anageuka kabla hajapigwa na ule wa nyuma, anachota mchanga kiganja kimoja, anainama tena. Chupa ikijaa anaimwaga, anaanza upya, na waliokwisha kupigwa wanamhesabia. Warushaji nao wanajifunza kitu: kulenga haraka, kumdanganya aliye katikati kwa kumwangalia huku, ukarusha kule. Mwalimu wa netiboli anayepewa mtoto aliyekulia katika rede ana kazi ya kumfundisha miguu tu. Macho na mikono tayari. Ajabu ni kwamba vitabu vya mafunzo ya michezo huuanza mchezo huu Uingereza, kana kwamba uwanja wa shule ulikuwa mtupu kabla ya filimbi.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa wote, shule zikafika vijijini, na wasichana ambao wasingewahi kuiona Gayaza wala Alliance wakapata kiwanja. Mashindano ya shule za msingi, ambayo leo yanaitwa UMITASHUMTA, na yale ya sekondari, UMISSETA, yakawa ngazi: darasa kwa darasa, shule kwa shule, kata, wilaya, mkoa, taifa. Kwa binti wa kijijini, safari ya kwanza ya kulala nje ya nyumbani mara nyingi ilikuwa ya michezo, amejazana na wenzake kwenye lori, godoro lake juu ya la mwenzake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano hayo yalisimamishwa. Hoja ilikuwa kwamba yanakula muda wa masomo. Yalirejeshwa kabla ya muongo ule kwisha, lakini hasara ilikuwa imeingia. Wavulana walikuwa na chandimu za mtaani na klabu zilizojaa kila kona. Soka halikuhitaji shule liishi. Netiboli haikuwa na pengine pa kuishi. Mtaani hakuna nguzo za pete. Msichana aliyekuwa darasa la nne wakati mashindano yanafungwa aliweza kumaliza shule ya msingi bila kuona mechi ya wilaya, na hakuna kocha wa timu ya taifa anayeweza kumrudishia miaka ile. Waliofanya uamuzi huo sidhani kama walikuwa wanawafikiria wasichana hata kidogo, kwa ubaya au kwa wema.

Kilichoubakiza mchezo juu ya ngazi ya shule ni ajira za majeshi na taasisi. JKT, Magereza, Uhamiaji: majina ya timu kubwa za netiboli Tanzania yanasomeka kama orodha ya waajiri wa serikali. Mchezaji anapata mshahara, sare na muda wa mazoezi, na timu inapata mtu wa kuivalia herufi. Si mpango mbaya, ila unawachukua wachache mno kati ya maelfu wanaomaliza kidato cha nne kila mwaka.

Jirani zetu wa Uganda wametuacha nyuma. Timu yao ya taifa, She Cranes, ilimaliza nafasi ya nane katika Kombe la Dunia la Sydney mwaka 2015, ya saba Liverpool mwaka 2019, na ya tano Cape Town mwaka 2023, mara ya kwanza kombe hilo kuchezwa Afrika. Mfungaji wao, Peace Proscovia, alicheza ligi ya Uingereza na ya Australia. Malawi, nchi ndogo yenye watu wengi vijijini kama sisi, iliifunga New Zealand 57 kwa 53 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2018. Mataifa hayo mawili hayana kumbi za ajabu. Yana ligi zinazochezwa, na shule ambazo hazikuacha.

Katika Olimpiki netiboli haimo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitambua shirikisho lake mwaka 1995, ikaishia hapo. Lakini imo katika michezo ya mabunge ya Afrika Mashariki, ambako waheshimiwa wabunge wanawake huvua vitenge, wakavaa herufi, wakaingia uwanjani. Pumzi huwa haba ifikapo robo ya tatu. Wengine hubishana na mwamuzi kwa ufasaha wa kibunge. Ila mpira ukirushwa katikati, beki wa goli, GD, anajua mstari wake unaishia wapi, na mshambuliaji wa pembeni, WA, hathubutu kukanyaga mduara. Hayo walifundishwa na mwalimu wa michezo wa shule ya msingi.