Kijana aliyepona saratani ya jicho asiachwe mlangoni mwa kliniki ya wakubwa

Mtoto akipona saratani ya jicho, nyumba humshukuru Mungu na mazungumzo yakaisha. Atakayeuliza huambiwa, "Usimkumbushe." Mimi nasema tusinyamaze, kwani kwa baadhi ya watoto hawa safari ni ya maisha.

Saratani hiyo, ambayo madaktari huiita retinoblastoma, huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Dalili yake kubwa ni mboni kung'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya flashi. Dalili nyengine ni makengeza. Kati ya wagonjwa 10, karibu 4 wana aina ya kurithika: hitilafu iko kwenye jeni iitwayo RB1. Aliyeugua macho yote mawili huhesabiwa kuwa nayo, na hata wa jicho moja huenda anayo. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo wao, kwa hivyo hakuna haja ya kuulaumu upande wa mama wala wa baba.

Jicho kupona hakuondoi hitilafu hiyo. Kwanza, ukubwani kijana huyo yuko katika hatari zaidi ya saratani za mifupa, misuli na ngozi, hasa kama alitibiwa kwa mionzi. Pili, kila mtoto atakayemzaa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Mtoto huyo anafaa kupimwa macho tangu siku za mwanzo, si kungoja weupe uonekane.

Hapa ndipo vijana wetu wanapopotea. Miaka yote mama ndiye aliyebeba faili na kujibu maswali. Kijana akikua, kliniki ya watoto inamaliza kazi yake, na daktari mpya anaona jicho la bandia tu, hajui lililotangulia.

Kwa hivyo matayarisho yaanze mapema:

- Akiwa na miaka 12 hivi, aelezwe jina la ugonjwa wake na alivyotibiwa.
- Akifika miaka 15, apewe nafasi ya kuzungumza na daktari peke yake.
- Kabla ya 18, ombeni muhtasari wa matibabu yote, pamoja na barua ya rufaa inayotaja daktari au kliniki itakayompokea. Wekeni nakala nyumbani.
- Akipata kitambulisho, ahakikishe usajili wake wa SHA uko sawa.
- Ajue dalili za kumpeleka hospitali haraka: maumivu ya mfupa yasiyokwisha, uvimbe mpya, au doa la ngozi linalobadilika.
- Ajiepushe na sigara na shisha, na kabla ya kupigwa picha ya eksirei amwambie daktari historia yake.

Aliyetibiwa Nairobi, Kenyatta au Kikuyu, aulize huko huko ni nani atakayemfuatilia akiwa huku Mombasa.

Najua kinachozifunga midomo nyumba nyingi: posa. Mzazi anachelea binti yake kukataliwa. Lakini siri hiyo ikifichwa, anayelipa ni mtoto mchanga, ambaye jicho lake lingeokolewa kama lingepimwa mapema. Afya ni amana, na dini imetuhimiza kutafuta tiba. Kijana akabidhiwe habari za mwili wake kabla hajaozwa.