Tusiwacheke Waliovumilia

Vijana hupenda kusema: "Ningekuwa mimi, nisingekubali kuwa mtumwa." Lawama kama hizo, alizozisikia kwa kijana mmoja, zilimfanya mwandishi mweusi wa Marekani, Octavia Butler, aandike riwaya ya Kindred, iliyotoka mwaka 1979.

Dana, mwanamke mweusi wa California ya mwaka 1976, anajikuta ghafla kwenye shamba la watumwa huko Maryland, mwanzoni mwa karne ya 19. Ana elimu, na anajua kwamba utumwa utakwisha. Hayo hayamkingi na mjeledi. Anapotoroka, anakamatwa upesi. Tena inambidi amwokoe mara kwa mara Rufus, mtoto wa mwenye shamba, kwa kuwa ukoo wake Dana unatokana naye.

Twawasifu, na ni haki yao, waliotoroka Maryland, kama Frederick Douglass mwaka 1838 na Harriet Tubman mwaka 1849. Lakini wengi walibaki hadi utumwa ulipofutwa huko mwaka 1864. Walibaki wakilea watoto. Mimi siwezi kuuita huo woga. Kabla ya kuwahukumu wazee, tujiulize: wangekufa wote wakipigana, nani angezaliwa awalaumu?