Mali Kauli kwenye Njia ya Misafara

Kijana wa Tabora anayetaka kuuza bidhaa ya mtu mwingine leo hahitaji duka wala tovuti. Anahitaji simu, picha nzuri ya kiatu kilichoko Kariakoo, na watu wanaomwamini kiasi cha kumtumia pesa kabla hawajakiona kiatu chenyewe. Mwenye duka anamtajia bei yake, yeye anaongeza kidogo, anaiweka picha kwenye status ya WhatsApp na kusubiri. Dar es Salaam wanaofanya kazi hii wanaitwa mawinga, na faida yao ni cha juu. Walimu wa biashara mtandaoni wameipa majina ya Kizungu na wanaifundisha kama jambo lililozaliwa na intaneti.

Mimi nimekulia Tabora, na kila nikisikia mafunzo hayo huikumbuka njia ya misafara. Sehemu kubwa ya utajiri wa mji huu katika karne ya 19 ilitoka kwa watu waliouza vitu visivyo vyao. Hata jina la biashara yenyewe tunalo. Machinga akichukua mashati dukani asubuhi bila kulipa, kwa ahadi ya kurudisha fedha au mashati jioni, amechukua mali kauli. Hakuna hati wala rehani. Dhamana ni kauli yake tu.

Richard Burton na John Speke walifika hapa Novemba 1857, baada ya kuondoka pwani mwezi Juni. Vitabu vya wasafiri wa wakati ule viliuita mji huu Kazeh, na nchi yake Unyanyembe. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu wa ukoo wa Harthi. Burton anasimulia kwamba Snay alianza maisha Maskati akiuza vitu vitamu, akaja kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pembe za ndovu na watumwa. Afya ilipomkatalia kusafiri, akageuka wakala. Alikaa Kazeh, akajenga maghala, na kupokea mali za wengine: nguo na shanga kutoka pwani, pembe na mateka kutoka bara.

Ukimtazama kwa jicho la leo, Snay alikuwa winga mkubwa. Alichokuwa nacho ambacho tajiri wa Unguja hakuwa nacho ni kujua: nani ana pembe, shanga za rangi gani zinatakiwa wapi, wapagazi watapatikana lini. Alijua Kinyamwezi vizuri kiasi cha kumsaidia Burton kukusanya maneno yake. Na ujuzi huo hakuukuta jangwani. Wanyamwezi walikuwa wakipeleka misafara yao wenyewe pwani tangu mwanzoni mwa karne ile, na waliijua njia kabla ya wageni wengi waliokuja kuitajirikia.

Upande wa pili wa kauli alikaa mwenye fedha. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemfahamu kama Tippu Tip, alikuwa na mizizi hapa: baba yake aliishi karibu na Tabora na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip aliondoka Unguja mara kadhaa na bidhaa za kukopa, na mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Safari yake ndefu ilianza mwaka 1870, naye hakukanyaga Unguja tena hadi 1882. Hebu fikiria kumkabidhi mtu mali yako, kisha kumsubiri miaka 12.

Wakala wa namna hii ana udhaifu mmoja mkubwa: njia si yake. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa akigombana na Waarabu wa Tabora, alifunga njia ya Ujiji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa Kwihara wakati ule, alijiunga na jeshi la Waarabu dhidi yake, wakashindwa, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Mwenye pembe upande wa pili alikwama nazo, na deni lake pwani halikusimama. Winga aliyefungiwa akaunti usiku mmoja, akapoteza wateja wa miaka mitatu, anaielewa hadithi ya Mirambo bila kufundishwa.

Lakini kuna swali ambalo masimulizi ya kuwasifu wafanyabiashara wa zamani hulikwepa: hasara ilimwangukia nani? Mkopaji alitakiwa kurudi na pembe. Alipokosa za kununua kwa bei nafuu, bunduki ilikuwa karibu. Mwaka 1867 Tippu Tip alimshinda Nsama, mtawala wa Watabwa, na kuondoka na akiba yake ya pembe. Snay mwenyewe aliuawa mwanzoni mwa miaka ya 1860, katika vita vya Waarabu na mtemi Manwa Sera wa Unyanyembe. Uaminifu kati ya tajiri na wakala ulikuwa wa kweli, ila ulidumu kwa sababu gharama yake ilisukumwa chini: kwa mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 begani, na kwa mateka ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali.

Biashara ya simu haina minyororo, wala sitaki kuzilinganisha kwa wepesi. Ila swali la hasara limebaki. Shangazi yangu aliwahi kutuma pesa ya vitenge vinne kwa binti aliyemfahamu kwa picha tu. Mzigo ulikuja na basi, ndani vitenge viwili, vyote vya rangi nyingine. Binti alisema ni makosa ya duka. Duka lilisema halimjui shangazi. Wote wawili walikuwa wakweli kwa namna yao, na shangazi ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo mdogo wangu aliponiuliza aanzeje bila tovuti, nilimjibu kwa yale niliyoyaona kwenye historia ya mji wetu. Auze anachokijua; akiwa Tabora, asali anaijua kuliko viatu. Aanze na watu wanaoijua kauli yake. Namba za wateja aziandike kwenye daftari, kwa kuwa njia anayopita ina mwenyewe. Na kabla ya kupandisha picha yoyote, amuulize mwenye mali swali moja: mzigo ukirudi, nauli analipa nani?