Muhogo wa Kenton Road: Jiko la Wasiokula Nyama, kutoka Pwani ya Afrika Mashariki hadi Harrow

Mwenye kupita Kenton Road, kaskazini magharibi ya London, ataona mbele ya maduka makasha ya muhogo uliopakwa nta, mafungu ya uwatu mbichi, mabamia, ndizi za kupika na nazi. Akiuliza bei ya muhogo, mwenye duka hatautaja kwa jina la Kiingereza wala kwa jina la Kihindi. Atauita *mogo*. Neno hilo moja lina historia ndefu ndani yake, nalo ndilo lililotupa sababu ya kuandika makala haya.

Harrow ni mtaa wenye sehemu kubwa zaidi ya Wahindu katika Uingereza na Wales. Kwa hesabu ya watu ya 2021, karibu 26 katika kila wakazi 100 walijitambulisha kuwa Wahindu, na wapo pia Wajaini wengi. Wengi wa wazee wao hawakutoka India moja kwa moja. Walizaliwa Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kampala, Jinja, Dar es Salaam au Unguja. Katika historia za uhamaji tumezoea kusoma habari za biashara, hati za kusafiria na siasa. Hapa tunataka kutazama sufuria: familia isiyokula nyama iliwezaje kulisha watoto wadogo katika nchi tatu, na nini kilipotea, nini kikapatikana, kila ilipohama?

Wageni wasiokula ng'ombe

Ushahidi wa zamani tulio nao unatoka Malindi. Vasco da Gama alipotia nanga huko mwezi wa Aprili 1498, alikuta wafanyabiashara kutoka India. Wareno waliwadhania kuwa Wakristo. Hata hivyo, mwandishi wa habari za safari hiyo alinukuu jambo moja lililomshangaza: watu wale walisema hawali nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo katika moja ya maandishi ya kwanza ya Wazungu juu ya pwani yetu, mwiko wa chakula ndio uliowatambulisha wageni hawa kuliko dini waliyodhaniwa kuwa nayo.

Upande wa pili wa bahari hali ilikuwa hiyo hiyo. Carsten Niebuhr, aliyefika Maskati mwanzoni mwa 1765, aliandika kwamba hawakupungua Mabaniani 1,200 mjini humo, na kwamba waliachiwa kuishi kwa sheria zao wenyewe, pamoja na wake zao na ibada zao. Uhuru huo ulisafiri pamoja na dola ya Al Busaidi. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ndiyo iliyokuwa imekodi forodha ya kisiwa. Kwa hiyo watu waliohesabu pembe za ndovu na karafuu za dola ya Kiislamu walikuwa watu wasiogusa nyama, na hapana aliyeona ajabu.

Kwa muda mrefu Wabhatia hao waliishi bila wake zao, kwa sababu desturi za watu wa tabaka lao hazikuwaruhusu wanawake kuvuka bahari. Wake zao walianza kufika katika zama za Sayyid Barghash bin Said (1870–1888). Kwa historia ya jiko, hilo ni tukio kubwa. Mwanamume peke yake hula ili aishi. Mama ndiye anayelazimika kujua mtoto wa miezi minane ataanzishwa na chakula gani katika nchi ambayo mboga zake hazijui.

Jiko linajifunza lugha

Mama yule alikuta sokoni mambo mawili. La kwanza ni vitu alivyovijua kwa majina mengine. Mbaazi za shambani Unguja na Kilwa ndizo zile zile ambazo Wagujarati huzikoboa na kuzipasua ili kupikia mchuzi wao wa kila siku, na hadi leo Tanzania, Kenya, Malawi na Msumbiji huuza mbaazi nyingi India. Choroko, dengu, uwele, mvuje, haradali, ukwaju na manjano navyo havikumpa taabu.

La pili ni vitu asivyovizoea. Muhogo ulikuwa umeletwa pwani na Wareno kutoka Brazil, nao kwa Mgujarati wa Kathiawar ulikuwa kitu kigeni. Nazi aliijua kwa ibada zaidi kuliko kwa mchuzi. Ndizi za kupika alizikuta Uganda. Vyote akavitia katika jiko lake: muhogo wa kuchemsha kisha ukakaangwa na kutiwa ndimu na pilipili, mbaazi za nazi, mahindi ya nazi, kunde kavu, matoke kwa bizari. Na maneno yakafuata chakula. Kigujarati cha Afrika Mashariki kikachukua *mogo*, *jugu*, *matoke*, *sufuria*, *kisu* na *fagio*. Nasi tukachukua chapati, bajia, achari, kachumbari na dengu, hata leo wengi wetu hatukumbuki kwamba zilikuja kwa jahazi. Urojo wa Unguja, wenye bajia, kachori, viazi na ukwaju au embe mbichi, ni chakula ambacho huwezi kusema ni cha nani. Bila ya mishikaki, ni chakula cha mtu asiyekula nyama.

Tusiwaweke wote katika kapu moja. Wajaini walioshika sana dini hawali vitu vinavyong'olewa ardhini, kwa hiyo muhogo, viazi, vitunguu na karoti kwao ni mwiko, na wengine hushika mwiko huo katika siku za Paryushan tu. Wafuasi wa Swaminarayan huacha vitunguu na thomu. Wako pia Wahindu wengi waliokula samaki au kuku. Lakini katika nyumba nyingi za Walohana, Wapatel na Waoshwal, mama ndiye aliyekuwa mlinzi wa sufuria, na nyama haikuvuka kizingiti.

Kutoka Kampala hadi Kenton

Uhamaji wa kuja Uingereza haukuwa wa siku moja. L. G. Pathak aliondoka Kenya mwaka 1956, akaanza London kwa kupika sambusa na vitamutamu jikoni kwake Kentish Town, kabla ya kufungua duka Drummond Street. Baada ya uhuru wa Kenya wa Disemba 1963 na mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, wasafiri waliongezeka. Sheria za Kenya za 1967 juu ya uhamiaji na leseni za biashara ziliwasukuma wengine, na sheria ya Uingereza ya Machi 1968 ikaufunga nusu mlango. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Kiasi cha watu 28,000 walifika Uingereza, wengi wakiwa na paundi zisizozidi 55 kwa familia, wakapokewa katika kambi 16, nyingi zikiwa za zamani za kijeshi.

Kwa familia isiyokula nyama, kambi ilikuwa mtihani wa kila mlo. Jiko la pamoja, supu ya mifupa, biskuti zenye mafuta ya mnyama: mtu mzima anaweza kufunga, mtoto hawezi. Akina mama walijifunza haraka kuuliza habari ambazo kwao hazikuwahi kuulizwa. Jibini hii imegandishwa kwa kimengenya cha tumbo la ndama? Peremende hii ina jelatini? Ujuzi wa kusoma maandishi madogo ya kwenye pakiti ulianzia hapo, nao ukarithiwa na watoto wao.

Waliopata kazi na nyumba walikusanyika Wembley, kisha wakasogea Kenton, Kingsbury, Harrow na Stanmore, kwenye nyumba za miaka ya 1920 na 1930 zilizojengwa kando ya reli, kila moja na bustani yake ndogo ya nyuma. Maru Bhajia, bajia za viazi zilizojulikana Nairobi, zikafunguliwa Ealing Road, Wembley, katika miaka ya 1970. Muhogo, uliokuwa chakula cha barazani na ufukweni Mombasa, ukawa chakula cha mkahawani London.

Somo la Northwick Park

Lakini kuna sehemu ya historia hii ambayo jamii haiisimulii kwa furaha. Chakula kile kile kilichowalea watoto wenye afya Mombasa na Jinja kilionyesha mapungufu Uingereza.

La kwanza ni jua. Vitamini D mwili huitengeneza kwenye ngozi kwa mwanga wa jua, na Uingereza, kuanzia Oktoba hadi Machi, jua halitoshi kwa kazi hiyo. Matege, ugonjwa uliodhaniwa kuwa umekwisha, ulionekana tena kwa watoto wa Kiasia tangu miaka ya 1960, na mwaka 1981 serikali ikaanzisha kampeni ya kuupiga vita. Mtoto wa Unguja hakuhitaji matone ya vitamini kwa sababu alikuwa akicheza nje. Mtoto wa Harrow, ndani ya koti, aliyahitaji.

La pili ni vitamini B12. Hii hutengenezwa na bakteria, na mmea hauna kiasi cha kutegemewa. Asiyekula nyama, samaki wala mayai hubaki na maziwa tu. Hospitali ya Northwick Park, mpakani mwa Harrow, iliyofunguliwa 1970, ilipokea wagonjwa wengi wa jamii hii. Mwaka 1985 Israel Chanarin na wenzake walichapisha katika jarida la *The Lancet* uchunguzi juu ya upungufu wa damu wa aina ya megaloblasti katika jamii ya Wahindu wasiokula nyama, na kwa wengi wao chanzo kilikuwa ni ukosefu wa B12 katika chakula. Ini huweka akiba ya vitamini hiyo kwa miaka, kwa hiyo mtu huhama na afya njema na upungufu humfika baadaye. Anayeumia zaidi ni mtoto mchanga: mama asiye na B12 ya kutosha hana ya kumpa mwanawe tumboni wala katika maziwa ya kifua, na upungufu wa utotoni unaweza kudhuru mishipa ya fahamu.

Baadhi ya waliosikia habari hizi waliona kwamba daktari wa Kizungu anaishambulia dini yao. Wengine walisema babu zetu waliishi hivyo hivyo karne nyingi. Jibu la pili lina ukweli ndani yake, lakini babu hakuishi Harrow. Chai inayotokota muda mrefu na maziwa hupoteza sehemu ya B12 yake, na mtindi wa nyumbani ukiachwa kwa ajili ya vitafunio vya dukani, mlango mwingine umefungwa. Tatizo halikuwa kuacha nyama. Tatizo lilikuwa kuhama na mwiko bila ya kuhama na kila kilichoufanya mwiko uwe salama.

Sahani ya mtoto

Jamii ilijibu, tena bila ya kuiacha desturi. Mapishi ya bibi, ukiyatazama vizuri, yana hekima ambayo wataalamu wa lishe leo huieleza kwa maneno yao.

Chakula cha kwanza cha mtoto wa Kigujarati ni *khichdi*, ambayo ni ndugu wa mseto wetu: kikombe cha mchele kwa nusu kikombe cha choroko, ikapikwa mpaka ikalainika na kutiwa samli kidogo. Nafaka na jamii ya kunde hukamilishana kwa protini. Samli ina kazi, maana tumbo la mtoto ni dogo na mboga nyingi hulijaza kabla nguvu haijatosha. Kachumbari ya ndimu pembeni husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika kunde, uwele na mchicha, na chai pamoja na chakula huyazuia. Muhogo hushibisha lakini una protini kidogo sana, na ni lazima uive vizuri. Kwa hiyo uwe pamoja na maharage au mbaazi, usiwe peke yake. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, zisagwe.

Juu ya hayo nyumba za sasa zimeongeza vile ambavyo Harrow imevilazimisha: mtindi kila siku, nafaka au maziwa ya mimea yaliyoongezewa B12, na matone ya vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, kwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne. Kiasi cha B12 anachohitaji mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu ni nusu mikrogramu tu kwa siku. Ni kidogo mno, lakini hakina badala.

Mwaka 2008 ilifunguliwa Harrow shule ya msingi ya Krishna Avanti, shule ya kwanza ya Kihindu inayogharimiwa na serikali katika Uingereza, na chakula chake cha mchana hakina nyama. Kilichokuwa siri ya jiko la mama sasa kimeingia katika bwalo la shule.

Kinachobaki

Wale waliozaliwa Unguja na Kampala na kupika Kenton wanazidi kupungua. Wajukuu wao wanasema *mogo* bila kujua kuwa ni Kiswahili, kama sisi tunavyosema *achari* bila kujua kuwa si chetu. Tunaomba kila familia, iwe ya Kihindu, ya Kijaini au ya Kiislamu, iketi na bibi yake na kumuuliza mambo matatu: ulianza kumlisha mtoto wako na nini, ulikipata wapi, na ulipofika Uingereza ulibadilisha nini? Majibu hayo hayamo katika hati za forodha wala za uhamiaji. Yamo katika mikono ya waliopika, na mikono hiyo haitangoja sana.